Dufu, Siwa na Udi: Fiqhi ya Ala za Ngoma na Dai la Urithi katika Pwani ya Waswahili

Hukumu ya ala za muziki ni mojawapo ya mas-ala yaliyowagawa wanavyuoni wa Kiislamu tangu karne za mwanzo, na ilipofika pwani ya Afrika Mashariki iliikuta jamii ambayo haikuwa na sherehe isiyo na mlio: mtawala alipigiwa siwa, bwana harusi alisindikizwa kwa zumari, wanawake walicheza vugo, na maulidi yalikuja kusomwa kwa matari. Katika miongo ya karibuni limeongezeka dai jingine ambalo halimo katika vitabu vya fiqhi, nalo ni urithi wa utamaduni. Tanzania na Kenya zimeridhia Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi usioshikika, Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na ala ambazo zamani zilitetewa au kulaumiwa msikitini sasa hutetewa pia katika makumbusho na katika ofisi za utalii. Linalohitaji kuchunguzwa ni iwapo dai hilo jipya lina uzito mbele ya sharia, na iwapo linazisaidia ala zenyewe au linazivua hoja zilizokuwa nazo tangu zamani.

Dalili za pande mbili zinajulikana, na hakuna haja ya kuzirefusha. Wanaoharamisha huanza na aya ya 6 ya Sura Luqman, inayowalaumu wanunuao maneno ya upuuzi ili wawapoteze watu, ambayo sahaba Ibn Masud aliifasiri kuwa inakusudia nyimbo, kisha huegemea hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari kuhusu watu watakaokuja kuhalalisha zinaa, hariri, ulevi na maazifu, yaani ala za muziki. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, aliitilia dosari isnadi ya hadithi hiyo, yaani mnyororo wa wapokezi wake, akidai kuwa Bukhari hakuonyesha kwamba ameipokea moja kwa moja kutoka kwa Hisham bin Ammar. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, akauunganisha mnyororo huo kwa njia nyingine, na wengi wa watu wa hadithi wakaridhika. Wanaoruhusu huleta kisa cha wasichana wawili waliokuwa wakiimba na kupiga dufu nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Abubakar akawakemea na Mtume akamtaka awaache, pamoja na kisa cha Wahabeshi waliocheza na mikuki yao msikitini. Kisha kipo kisa cha Ibn Umar, ambacho kila upande hukidai kuwa ni chake: aliposikia filimbi ya mchungaji aliyaziba masikio yake, lakini hakumtaka Nafi aliyekuwa pamoja naye azibe ya kwake, wala hakumkemea mchungaji.

Palipo na faida zaidi kuliko kuhesabu dalili ni katika illa, yaani sababu ambayo hukumu hujengwa juu yake na ambayo ikiondoka hukumu nayo huweza kuondoka. Aliyeichambua kwa kina ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa usikilizaji wa nyimbo uliomo ndani ya Ihya Ulum al-Din. Kwa hoja yake, utamu wa sauti peke yake hauwezi kuwa sababu ya uharamu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuharamisha kusikiliza ndege, na koo la ndege na koo la mtu ni viumbe vya Mola mmoja. Nyuzi na zumari, kwa maoni yake, ziliharamishwa kwa kuufuata ulevi: ziliambatana nao, zilimkumbusha tamaa yake mtu aliyeuacha karibuni, na kuzikusanyikia kulikuwa nembo ya walevi na mafasiki. Ngoma na dufu hazikuwa vyombo vya mabaraza hayo, ndiyo maana akaziacha katika asili yake ya uhalali, isipokuwa kuba, ngoma ndefu iliyobanwa kiuno, ambayo wakati huo ilipigwa na wanaume waliojifananisha na wanawake. Ukiisoma kwa makini orodha ya ala zilizokatazwa katika vitabu vya zama zile, unaona sura ya mabaraza ya ulevi ya Iraki kuliko sura ya muziki wa dunia nzima, na hilo ni jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili wa vitabu hivyo hawakuwa na sababu ya kulijua.

Hata hivyo, hukumu iliyowafikia Waswahili haikupita kwa Ghazali peke yake. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliwakuta watu wa Mombasa na Kilwa wakifuata madhehebu ya Shafii, na miongoni mwa vitabu ambavyo wanavyuoni wa pwani wamevitegemea kwa vizazi vingi ni Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, pamoja na sharhe zake mbili kubwa, Tuhfa ya Ibn Hajar al-Haytami na Nihaya ya Ramli. Katika mlango wa ushahidi, ambamo hutajwa mambo yanayomwondolea mtu uadilifu, Nawawi anaharamisha ala ambazo ni nembo ya walevi, akitaja tanburi, udi, matuazi na zumari ya Kiiraki, na anaharamisha kuzisikiliza pia. Kuhusu filimbi ya mchungaji, Rafii, ambaye Nawawi anafupisha kitabu chake, aliona kuwa inafaa, na Nawawi akampinga papo hapo kuwa lililo sahihi zaidi ni uharamu. Dufu ni halali katika harusi na jando, na katika kauli yenye nguvu zaidi ni halali pia katika furaha nyingine, hata likiwa na njuga. Kuba ni haramu. Ngoma nyingine hazitajwi kwa uharamu mahali hapo, na kimya hicho kimekuwa mlango mpana kuliko fatwa nyingi.

Ala za pwani zikipimwa kwa mizani hiyo zinatawanyika kwa namna ambayo haiwaridhishi kabisa wakali wala walegevu. Matari, ambayo ndiyo dufu lenyewe, yana ruhusa ya wazi, na mzozo uliobaki ni juu ya mpigaji: Halimi, mwanachuoni wa Kishafii wa karne ya 10, alisema kuwa ruhusa ni ya wanawake tu, na Taqi al-Din al-Subki baada yake akajibu kuwa jumhuri, yaani wengi wa wanavyuoni, hawakutofautisha mwanamume na mwanamke. Msondo, chapuo na vumi ni ngoma zisizofanana na kuba, kwa hiyo zenyewe haziguswi na katazo. Kinachoguswa ni mchanganyiko wa wanawake na wanaume, maneno machafu, au kuomba pepo. Ngoma za kupunga mashetani zina kesi yake, maana linaloshitakiwa pale ni imani kabla ya ala, na kuziweka katika mjadala wa muziki ni kukwepa shitaka lenyewe. Vugo, pembe inayogongwa kwa kijiti, haina jina katika vitabu, na kilicho karibu nayo ni mjadala wa kupiga kwa fimbo juu ya mito, ambao wanavyuoni wa Kishafii waligawanyika kati ya kusema ni haramu na kusema ni makruhu, yaani jambo ambalo kuliacha ni bora lakini mtendaji hana dhambi. Zumari haina pa kukimbilia: imetajwa kwa jina. Lakini kwa karne nyingi imepulizwa harusini katika miji ambayo makadhi wake waliisoma Minhaj, na hapo ndipo penye somo kuhusu umbali wa kitabu na ua wa harusi.

Siwa inastahili kuangaliwa peke yake. Ni pembe kubwa inayopulizwa ubavuni, ya ndovu au ya shaba, na zilizo mashuhuri zaidi ni ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, ambazo zote zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Wareno waliofika Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498 walieleza kuwa mfalme alikuja na wapuliza pembe mbili za ndovu zenye urefu wa mtu, zenye tundu ubavuni. Zaidi ya miaka 160 kabla yao, Ibn Battuta aliliona jambo linalofanana na hilo Mogadishu, ambako Sultani alirejea kutoka sala ya Ijumaa akitanguliwa na ngoma, tarumbeta na zumari, huku kadhi, mafakihi na masharifu wakitembea pamoja naye. Hakuna habari kuwa mafakihi hao waliziba masikio. Kwa kiyasi, yaani kulipima jambo lisilotajwa kwa lile lililotajwa, mwanachuoni mkali anaweza kuitia siwa katika fungu la zumari kwa kuwa hupulizwa. Lakini ikiwa illa ni nembo ya walevi, siwa haihusiki, kwa kuwa ilikuwa nembo ya dola na ya uungwana, iliyopulizwa katika kutawazwa na katika harusi na jando za koo zenye haki nayo. Inakaribiana zaidi na ngoma ya vita na ngoma ya mahujaji, ambazo Minhaj yenyewe inazitaja kuwa ni halali kutumiwa. Kama siwa ina aibu yoyote, ni ya ubaguzi wa daraja, wala si ya muziki.

Pigano kali zaidi lilikuwa juu ya dufu ambalo vitabu vimeliruhusu. Habib Saleh bin Alawi Jamalilleli, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyehamia Lamu katika karne ya 19 na kufariki mwaka 1935, alianzisha Msikiti wa Riyadha na kuyasimamisha humo maulidi ya Habshi, yaani kisomo cha Simtu al-Durar cha Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, kwa kaswida na matari ndani ya msikiti. Baadhi ya wakubwa wa Lamu walipinga. Hoja ya kifiqhi waliyokuwa nayo ilihusu mahali: ruhusa ya dufu katika harusi haimaanishi ruhusa ya dufu katika nyumba ya ibada, na hadithi iliyomo kwa Tirmidhi inayohimiza ndoa itangazwe misikitini na ipigiwe madufu ina udhaifu ambao Tirmidhi mwenyewe ameutaja. Lakini ni vigumu kuamini kuwa mahali peke yake ndipo palipowaudhi, kwa kuwa Habib Saleh alifungua darasa zake kwa watumwa, kwa wana wa watumwa na kwa wageni ambao waungwana hawakuzoea kukaa nao safu moja, na tari lilikuwa ala yao. Leo maulidi ya Lamu, yanayokusanya wageni kutoka pwani nzima kila Mfunguo Sita, ni miongoni mwa sababu za mji huo kuhesabiwa urithi wa dunia. Lililopingwa kuwa ni uzushi limekuwa cheti cha mji.

Wanamageuzi wa karne ya 20 walilirudia shauri hilo kwa sura nyingine. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake mwaka 1947, alitumia magazeti yake ya al-Sahifa na al-Islah kuwalaumu Waislamu kwa kupoteza mali na wakati katika ngoma na mashindano ya harusi, na lawama hiyo ilikuwa ya kiuchumi na kimaadili kuliko ya ala. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar na baadaye wa Kenya, aliandika dhidi ya bida, yaani mambo yaliyozushwa katika dini, lakini mtu huyo huyo aliyatafsiri maulidi ya Barzanji kwa Kiswahili, na kwa hiyo hawezi kuhesabiwa kirahisi katika kambi yoyote ya leo. Wanaoitwa Answari Sunna, waliokuja baada yao, wamekwenda mbali zaidi: kwao dufu ni la wanawake, harusini na siku za Idi, na kulipiga katika maulidi kunajumlisha makosa mawili, ala isiyokuwa mahali pake na ibada isiyokuwa na asili. Ikumbukwe kuwa msimamo wao juu ya dufu una babu ndani ya madhehebu ya Shafii, naye ni Halimi, hata kama wengi wao hawamtaji.

Taarabu ni kesi ngumu kuliko zote, na watetezi wake wamezoea kuizungusha. Kwa simulizi inayojulikana Zanzibar, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, na klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905. Udi, kanuni na fidla ni ala za nyuzi, na kwa Minhaj nyuzi ni haramu bila ya shaka. Ibn Hajar al-Haytami aliandika kitabu kizima kuwajibu waliolegeza. Mtawala mwenyewe alikuwa Ibadhi, madhehebu ambayo wanavyuoni wake hawakuwa walegevu katika jambo hili kuliko Mashafii. Kwa hiyo taarabu ilizaliwa katika kasri kinyume cha vitabu vya madhehebu yote mawili ya visiwani, na anayetaka kuihalalisha hana budi kutoka nje ya madhehebu hayo, aende kwa Ibn Hazm, au kwa wa karne ya 20 kama Sheikh Mahmud Shaltut wa al-Azhar na Yusuf al-Qaradawi, walioruhusu muziki kwa masharti ya maneno safi, pasi na ulevi wala kuchochea matamanio. Njia hiyo ipo na ni halali kielimu. Kusema kuwa taarabu ni halali kwa sababu mwimbaji Siti binti Saad aliiimba na wazee wakasikiliza ni jambo jingine, maana ukimya wa wazee si ijmai, yaani makubaliano ya wanavyuoni.

Hapo ndipo dai la urithi linapoingia, na linaingia kwa miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kanuni ya fiqhi kuwa ada ni hakimu, mojawapo ya kanuni kuu tano ambazo mafakihi huzijengea matawi ya hukumu. Kanuni hiyo ni ya kweli lakini ina mipaka: ada huamua pale ambapo sharia imenyamaza au imeacha kipimo kwa watu, kama kiasi cha mahari ya mfano au maana ya maneno ya mkataba, na haiwezi kufuta katazo lililothibiti. Kwa siwa, vugo na ngoma zisizotajwa, ada ina nafasi kubwa, kwa kuwa hakuna nassi, yaani andiko la wazi, la kuipinga. Kwa udi, ada haimfai kitu anayeamini kuwa hadithi ya maazifu ni sahihi na maana yake ni ya jumla. Mguu wa pili ni kanuni kuwa mambo huhukumiwa kwa makusudio yake, na huo ndio wenye nguvu, kwa sababu unamlazimisha mfasiri aulize chombo kinatumiwa kwa nini kabla ya kuuliza kinaitwaje.

Kwamba fiqhi ya kale ilitofautisha chombo na matumizi yake kunaonekana vizuri katika milango ambayo wasemaji wa majukwaani hawaifungui. Katika mlango wa wasia, Minhaj inasema kuwa mtu akiusia ngoma, naye ana ngoma ya upuuzi na ngoma halali ya vita au ya mahujaji, wasia unachukuliwa kwa ile halali. Na akiusia ngoma ya upuuzi, wasia hubatilika isipokuwa ikiwa ngoma hiyo inafaa kwa vita au kwa mahujaji. Katika mlango wa ghasbu, yaani kuchukua mali ya mtu kwa nguvu, aliyevunja ala iliyokatazwa halipi fidia, lakini kauli sahihi zaidi inamkataza kuiponda; huifumua tu vipande vyake virudi kama vilivyokuwa kabla ya kuunganishwa, kwa kuwa mti na ngozi vina thamani. Katika mlango wa biashara kuna kauli, ingawa si yenye nguvu, kuwa ala hizo zinauzika iwapo mabaki yake yanahesabika kuwa mali. Mafakihi hawa hawakuwa wakifikiria makumbusho, lakini wamemwachia mwenye makumbusho msingi mzuri kuliko alioutarajia: kitu kisichotumiwa kwa lile lililokatazwa kinabaki na heshima ya mali. Siwa ya Pate iliyo ndani ya sanduku la vioo haisikilizwi na mtu, na hata anayeiona kuwa ni zumari kubwa hana hoja ya kuikataza isitazamwe. Ndiyo maana urithi unaoshikika haujaleta ugomvi wowote wa maana kati ya mashekhe na serikali.

Ugomvi uko katika urithi unaopigwa. Oman inaonyesha jinsi dola inavyoweza kuyaweka mambo mawili ubavu kwa ubavu bila ya kuyapatanisha: ilianzisha kituo cha muziki wa jadi mwaka 1983 na okestra ya kifalme mwaka 1985, ikaingiza ngoma ya al-Bara ya Dhofar katika orodha ya UNESCO mwaka 2010, na wakati huo huo ina ofisi ya mufti na mapokeo ya Kiibadhi ambayo hayakuzibadili hukumu zake kwa sababu ya orodha hiyo. Zanzibar imefuata njia inayofanana, kwa chuo cha muziki wa nchi za jahazi kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002 na matamasha ambayo hutangazwa kwa watalii. Mpangilio huo unafaa kwa udi na kanuni, ala ambazo tangu mwanzo zilisimama juu ya hisani ya watawala na hazikuwa na ruhusa ya kitabu ya kupoteza.

Kwa dufu hali ni kinyume. Maulidi ya homu, ambayo wanaume hupiga magoti safu moja na kuyumba kwa mpango mmoja huku matari yakiwapigia, na ambayo asili yake inahusishwa na tarika ya Rifai, yalitetewa siku zote kwa mnasaba wake: ni furaha ya kuzaliwa kwa Mtume, ni sifa zake, ni kisomo. Yakipandishwa jukwaani usiku wa tamasha, mbele ya watu walionunua tiketi na ambao huenda wengine wana bilauri ya mvinyo mkononi, mnasaba umeondoka, na ile illa ya Ghazali ya kuambatana na kikao cha walevi, ambayo haikuwahi kulihusu tari la Lamu wala la Mtendeni ya Zanzibar, kwa mara ya kwanza inapata pa kushika. Anayefuata kauli pana ya Nawawi bado anaweza kusema kuwa dufu ni mubaha, yaani halina thawabu wala dhambi, katika furaha yoyote ambayo haikuchanganyika na haramu. Lakini atalazimika kulithibitisha sharti hilo la mwisho, ambalo msikitini hakuna aliyewahi kumdai. Kwa hiyo cheti cha urithi, kilichotolewa ili kuilinda ala, kinaweza kuihamisha kutoka katika fungu ambalo hata wakali walikuwa wakibishana nalo kwa taabu, kikaipeleka katika fungu ambalo wapole nao wanasita, na kadhi atakayeulizwa juu yake atahukumu jukwaa, tiketi na bilauri kabla ya kulifikia tari.